Barua kutoka Matsuyama: Tramu Yenye Hadhi Mbili

Ndugu na jamaa walioko nyumbani, ambao hawachoki kuomba picha za treni ya risasi, hawana budi kufahamishwa mapema kwamba Shikoku ndicho kisiwa pekee kati ya visiwa vinne vikuu vya Japani kisichofikiwa na treni hiyo, na kwamba mtu wao aliyeangukia Matsuyama, mji wa watu wapatao laki tano katika mkoa wa Ehime, hana cha kupiga picha ila tramu ya rangi ya chungwa inayokwenda kwa mwendo wa kumwezesha abiria kusoma bei za samaki dukani. Rangi hiyo haikuchaguliwa kwa bahati, kwa kuwa Ehime inasifika nchi nzima kwa machungwa yake madogo, na kampuni ya Iyotetsu, inayoendesha tramu, treni na mabasi ya mji huo, ilianza kuyapaka magari yake rangi hiyo mwaka 2015.

Jambo linalostahili kuelezwa kwa kirefu liko Otemachi, mahali ambapo reli mbili za tramu hukatana kwa pembe mraba na reli mbili za treni iendayo Takahama, pwani, bila daraja wala handaki. Mwenye haki ya kupita ni treni. Kengele ikilia na kizuizi kikashuka, tramu husimama katika foleni pamoja na teksi, malori na waendesha baiskeli, bila upendeleo wowote, huku mashabiki wa reli, ambao nchini Japani ni kabila kamili lenye kamera na ngazi zake za kusimamia, wakirekodi mlio wa magurudumu yanapovuka makutano hayo. Lakini tramu hiyohiyo, ikiwa ni ya njia ya mzunguko, ikishapita vituo vichache na kufika Komachi, huiacha barabara na kuingia katika njia moja nyembamba inayopita nyuma ya nyumba za watu, na hapo heshima yake hupanda ghafla, kwa maana vizuizi sasa hushuka kwa ajili yake na magari ndiyo yanayosubiri.

Sababu ni ya kisheria. Sheria za Japani hutofautisha *kido*, yaani reli iliyolazwa barabarani na kutumika pamoja na magari mengine, na *tetsudo*, yaani reli yenye njia yake yenyewe. Kipande cha kutoka Komachi hadi Heiwadori, chenye urefu wa kilomita 2.7, huhesabiwa kuwa *tetsudo*, ilhali sehemu iliyobaki ya mzunguko ni *kido*. Kwa hiyo abiria anayesinzia anaweza kupanda tramu, akasafiri ndani ya treni, kisha akateremka kutoka kwenye tramu, bila kuhama kiti, bila kuongeza nauli, na bila dereva kubadilisha hata kofia.

Kampuni yenyewe iliundwa mwaka 1887, na mwaka uliofuata ikafungua reli ya kwanza katika Shikoku, kutoka Matsuyama hadi bandari ya Mitsu, ikitumia vichwa vidogo vya treni vilivyotengenezwa na Krauss wa Munich na reli zenye upana wa milimita 762 tu. Upana huo uliongezwa baadaye ukawa milimita 1,067, ambao ndio upana wa reli ya TAZARA, hivyo kwa hesabu ya magurudumu peke yake tramu ya Matsuyama ingeweza kushushwa Dar es Salaam na kuelekezwa Kapiri Mposhi, umbali wa kilomita 1,860, mradi kwanza zitundikwe nyaya za umeme na abiria wafungiwe chakula cha kutosha.

Umaarufu wa reli hiyo, hata hivyo, ulitokana na kejeli. Mwandishi Natsume Soseki, aliyefundisha shule Matsuyama mwaka 1895, alitoa mwaka 1906 riwaya iitwayo *Botchan*, ambayo mhusika wake mkuu ni mwalimu kijana kutoka Tokyo anayedharau karibu kila kitu katika mji wa mkoani alikopangiwa kazi, pamoja na treni yake, ambayo huiona ni kama kiberiti. Riwaya haiutaji mji huo kwa jina. Ni Matsuyama wenyewe uliojitokeza na kudai kwamba ndio uliotukanwa, kisha ukaita Botchan treni, vitobosha vya wageni na hata uwanja wa besiboli, na dharau ikawa chanzo cha mapato.

Treni ya Botchan inayopita mitaani tangu 2001 si ile ya kale, iliyostaafishwa mwaka 1954. Kichwa chake kina sura ya mvuke na injini ya dizeli. Kinachotoka katika bomba lake si moshi wa makaa bali mvuke wa kuigiza, na mhemo wake hutoka katika spika. Juu ya behewa kuna mkono unaogusa waya wa umeme, lakini hauchukui umeme hata kidogo, kwa kuwa kazi yake ni kugonga swichi ili mitambo ya njia itambue kwamba gari limefika. Mwisho wa safari, pale Dogo Onsen, penye nyumba ya kuogea ya mbao iliyojengwa mwaka 1894 juu ya chemchemi za maji moto, hakuna meza ya kugeuzia vichwa vya treni, kwa hiyo kichwa kimewekewa jeki tumboni: wafanyakazi waliovaa sare za zamani hulitenga behewa, jeki hukiinua kichwa mpaka magurudumu yaachane na reli, nao hukizungusha kwa mikono nusu duara, kisha hulisukuma na behewa vivyo hivyo. Afrika Mashariki abiria huteremka kusukuma basi lililokufa huku dereva akiona haya. Dogo gari zima husukumwa kwa ratiba, mbele ya watalii wanaopiga picha.

Tramu za kawaida hazina konda, sembuse mpigadebe. Sauti pekee ya binadamu ni ya dereva, ambaye huinyooshea kidole kila taa na kuitamkia hali yake, desturi ya usalama iitwayo *shisa kanko*, na mgeni asiyefahamishwa huweza kudhani kwamba dereva anazungumza na jini aliyekaa kwenye kioo cha mbele. Jamaa atakayekuja na azingatie kwamba treni ya Botchan ilisimamishwa mwishoni mwa 2023 kwa uhaba wa wafanyakazi na kurejeshwa 2024, kwa hiyo aulize ratiba kwanza. Katika tramu apande kwa mlango wa nyuma, ateremke kwa mlango wa mbele, na avunje noti yake mapema katika mashine iliyo karibu na dereva, kwa sababu sanduku la nauli hupokea tu, halirudishi.