Mzigo Wangu Ukipotea?

Mtu wa Mombasa akimaliza mkataba wake Doha harudi na begi peke yake. Nyuma yake, kutoka Bandari ya Hamad hadi Kilindini, maboksi yanamfuata kwa meli: mablanketi, sufuria, televisheni iliyoviringishwa ndani ya godoro. Dada yangu, binti wa mama mdogo, alijitosa katika biashara ya kukusanya mizigo hiyo na kuisafirisha, akaona jina lake halivumi. Akataka kipeperushi. Si karatasi ya kubandika mlangoni, la. Alitaka kile cha kukunjwa, cha kutolewa mkobani kwa madaha.

Karatasi ya A4 ikilazwa ina upana wa milimita 297. Ukiikunja mara mbili hupati sehemu tatu zilizo sawa: ile inayoingia ndani hupunguzwa ikawa 97, nyingine mbili zikabaki na 100 kila moja, isije ikagota mkunjoni na kuvimba. Dizaina wetu, kijana aliyeko Nairobi, alilijua hilo barabara. Kulia akaweka uso: meli, jua linachomoza, na "Tuma kwa amani". Kushoto, kwenye ile ya 97 ya kufichwa ndani, akapanga maswali ya wateja. La kwanza kwa herufi nene nyekundu: "MZIGO WANGU UKIPOTEA?" Chini yake, namba ya dada, piga saa yoyote.

Dada akataka na Kiarabu. Qatar ina sheria ya mwaka 2019 ya kuilinda lugha hiyo, naye hakuwa na haja ya kuichokoza. Tafsiri tulipata safi kabisa. Ilipoingia kwenye programu ya dizaina, isiyokijua Kiarabu, herufi ziliachana mikono, kila moja ikasimama kivyake, na mstari ukaanzia mwishoni. Jirani yetu Msudani alivaa miwani, akaivua, akauliza hii ni lugha ya wapi. Ikabidi Kiarabu chote kiingizwe kama picha.

Duka la uchapaji lilikuwa kichochoroni, mtaa wa Najma, Doha. Fundi, mtu wa Kerala, alisema Kiarabu na mimi, Kimalayalam na simu, ilhali na mashine alisema kwa ngumi. Dada aliomba rangi ya bendera ya Qatar, iliyokuwa ikimeremeta kwenye simu yake. Fundi akatueleza kwa upole kwamba skrini huchanganya mwanga na mashine huchanganya wino, havilingani hata siku moja.

"Bhai, hii si bendera," dada akasema sampuli ilipotoka. "Haya ni maini."

Tukayakubali maini. Alhamisi usiku tukachukua nakala elfu moja zilizokwisha kukunjwa, maana Ijumaa ndiyo siku watu wako huru. Huko fundi alikuwa ametenda haki kwa desturi ya Doha: kitabu cha Kiarabu hufunguliwa kutoka kulia, basi sehemu ya kulia ndiyo iliyoingia ndani kwanza. Meli na jua vikazama. Juu, mbele ya macho ya ulimwengu, ikakaa "MZIGO WANGU UKIPOTEA?", na pembeni, kwa zile milimita tatu zilizopungua, jua likachungulia.

Dawa yenyewe ilikuwa nyepesi, mistari ya mikunjo ilikuwa mahali pake na ni zamu tu iliyopinduka. Tukakaa sakafuni na chai ya karak, tukigeuza kimoja kimoja. Ila dada, kwa furaha yake, alikuwa ameshampa furushi dereva mmoja wa basi la wafanyakazi akagawe.

Ijumaa, hata watu hawajatoka msikitini, simu ikalia. Bwana mmoja, sauti ya mtu aliyesubiri sana, alishukuru kwamba hatimaye kuna ofisi ya kutafuta mizigo iliyopotea. Wake aliutuma kupitia watu wengine, Ramadhani ya mwaka juzi. Nikampungia dada mkono amweleze ukweli. Akanigeuzia mgongo, akachukua kalamu.

"Pole sana, kaka. Hebu nambie, boksi lako lilikuwa la rangi gani?"