Muulize Mjomba Randa: Gari ni la Mtoto au la Baba?

*Mjomba, nimemtengenezea mwanangu wa miaka 7 gari la mninga, nikalipiga msasa na vanishi mpaka linang'aa. Haligusi. Kutwa yuko nje na gari la mwenzake la boksi la maziwa. Nimemkosea nini? – Baba Fundi, Tandika*

Umempora. Barua nzima mtoto hajashika hata msumari. Halafu mninga, shemeji? Mbao ya vitanda hiyo, mkono wa miaka 7 utaikata mpaka lini? Nenda Keko kwenye karakana za samani, omba vipande vya paini vilivyobaki. Paini, ile inayoletwa kutoka Sao Hill kule Mufindi, ni laini, msumeno unaingia. Wewe shika ubao, yeye akate. Litatoka limepinda. Liache hivyo hivyo. Lile la mninga weka juu ya kabati, yafanane.

*Mjomba, mume wangu na mtoto wanaunda gari. Jana mama mkwe kaamka kwenda kuoga, kakuta ndala yake ya kulia ina matundu manne ya mviringo. Wote wawili wanasema ni panya. – Mama Zai, Mbagala Kizuiani*

Panya wa Mbagala nawafahamu, hawana bikari. Hao wameweka kifuniko cha chupa juu ya soli, wakakizungushia kalamu, kisha wembe ukafanya kazi. Kwa ufundi siwalaumu. Ndala ni tairi la magari ya watoto tangu sisi tunakua, na sababu ipo: mpira wake unakatika kirahisi, unashika sakafu, na msumari unapita katikati bila kuupasua. Tatizo ni kwamba ndala ilikuwa na mwenyewe. Zilizokatika mikanda zimejaa mitaani; waokote, waoshe kwa sabuni, wakate watakavyo.

Kwa mama mkwe, jozi mpya inunuliwe leo leo. Baba alipe, mtoto aikabidhi kwa mikono miwili na aseme ukweli kuhusu panya. Ile ya kushoto usiitupe, mama. Hayo ni matairi manne ya akiba.

*Gari letu tukiliachia mteremkoni linakwenda upande kama mlevi. – Bingwa Mtarajiwa, Kinondoni Mkwajuni*

Ekseli zimekaa mshazari. Pima kwa rula kutoka mbele ya gari hadi kwenye ekseli, kulia na kushoto, vipimo vilingane. Ekseli iwe spoku ya baiskeli, ipite ndani ya mrija wa kalamu iliyokwisha wino. Humo tia unga wa penseli iliyokwanguliwa. Mafuta ya kupikia yatakamata vumbi lote la Kinondoni. Uzito, nati mbili tatu hivi, ufunge nyuma, kwa kuwa ndiyo sehemu inayoanzia juu zaidi mteremkoni. Na mteremko usiwe wa barabarani, bodaboda hawasubiri mtu. Egemeza ubao ukutani.

*Akina baba tunaanzisha mashindano ya magari ya mbao mtaani. Mwenzetu mmoja anataka watoto watazame tu. – Mwenyekiti, Temeke*

Mwenzenu hajaanza yeye. Mwaka 1953, Manhattan Beach, California, kiongozi wa skauti wadogo aitwaye Don Murphy alianzisha mbio za vigari vya mbao kwa sababu mwanawe alikuwa hajafikisha umri wa kushindana kwenye magari ya kupanda. Hadi leo kigari hakitakiwi kuzidi wakia 5, kama gramu 142. Nia ilikuwa baba na mwana wakae meza moja. Akina baba wakanogewa, mpaka vikundi vingine huko Marekani vikawatengea mbio zao pembeni.

Nanyi fanyeni hivyo. Asubuhi watoto, mchana ninyi. Na mzazi atakayeonekana na bisibisi zamu ya watoto, gari libaki mashindanoni, atolewe yeye.