Kioo Chenye Mtoto wa Jicho

Mdudu wa tatu nilimmeza kati ya Minjila na Garsen, na pale ni mwendo wa kukohoa mara mbili tu. Mto Tana hutoka kule Aberdare na Mlima Kenya, na ukifika kwetu huwa umechoka, unajilaza mashambani. Baada ya masika, ikifika magharibi, hewa ya huku ni nusu hewa, nusu wadudu. Ukiendesha pikipiki huku unaimba, umekula chajio.

Pikipiki yangu ilitoka dukani na kioo cha mbele kisichozidi sahani ya chai. Kifua kilikingwa, sikatai. Lakini upepo haukuwa umeenda popote. Ulipanda ukingo wa kioo, ukajikunja, ukanitandika puani pamoja na abiria wake wote.

"Mwalimu, hapo ongeza kimo," fundi wa stendi aliniambia. "Upepo uruke kichwa."

Ushauri mzuri. Kisha akataja bei, nami nikakumbuka nina msumeno wa chuma nyumbani.

Mama Watoto alikuwa matangani Ngao. Chupa yake ya maji ya lita 20, ile angavu ya kugeuzwa kichwa chini, ilikuwa jikoni peke yake haina wa kuitetea. Nikaikata shingo, nikaikata tako, nikaipasua ubavu. Nilipoinyoosha ikajikunja tena, kama mkeka uliokaa darini miaka kumi. Basi nikawasha jiko la makaa.

Plastiki ikipashwa moto hailainiki kwa adabu. Kwanza haitaki, halafu inataka yote kwa mpigo. Upande mmoja ulisinyaa, katikati pakafura, na pale palipoungua zaidi pakageuka peupe kama tui. Kwa kifupi, kioo changu kilipata mtoto wa jicho kabla hakijaona barabara. Nikajipa moyo kwamba nitachungulia pembeni.

Matundu niliyatoboa kwa msumari wa moto. Manne ya kwanza hayakukutana na vyuma vya pikipiki, nikatoboa mengine manne. Haya yakakubali, nikayakaza kwa bolti na vipande vya tyubu ya baiskeli ili kisitetemeke. Yale ya mwanzo nikayaacha wazi. Tundu tupu lina madhara gani?

Jumamosi moja ya Julai nikashika njia ya Malindi. Msimu huo kusi inavuma, na ukienda upande ule unakutana nayo uso kwa uso. Mwendo wa 40, kimya, na pua yangu ilikuwa inapumzika mara ya kwanza tangu ninunue chombo kile. Mwendo wa 50, kioo kikaanza kuguna. Nilipofika 60 kikapiga mluzi, mrefu, mwembamba, usiokata pumzi. Umewahi kupuliza mdomo wa chupa tupu? Mimi nilikuwa na midomo minne, na kusi yote ya Bahari ya Hindi ndiyo iliyopuliza.

Kabla sijafika Kurawa, mbele yangu niliona wingu jeupe linasogea. Nililaumu mtoto wa jicho. Nilipochungulia pembeni, wingu lilikuwa na pembe. Kundi zima la ng'ombe wa Waorma lilikuwa limeacha malisho, masikio mbele, likinijia mbio kama harusi inayomlaki bwana. Nikasimama katikati ya lami. Mluzi ukakatika. Ng'ombe nao wakasimama, wakaniangalia, wakangoja.

Mzee mwenye kundi alifika taratibu, fimbo mabegani. Aliangalia kioo, aliangalia ng'ombe, kisha akaniangalia mimi.

"Kijana," alisema, "umewaita. Sasa wape maji."

Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa 40, na Malindi sikuiona. Mama Watoto alikuwa amesharudi, amekaa kibarazani na shingo ya chupa mapajani.

"Baba Watoto, hii imebaki shingo. Mwili umeuzika wapi?"

Nikamwonyesha. Alikizunguka kioo mara moja, akapuliza tundu moja, akacheka hadi leso ikamdondoka. Kisha akanipa siku mbili za kununua chupa nyingine.

Jumatatu nikarudi kwa fundi, na bei nilikuta imepanda. Mdudu wa nne nilimmeza njiani, nikiwa bado natafuta maneno ya kumbembeleza nayo.