Jinsi ya Kufufua CDI Iliyokufa

Pikipiki imegoma alfajiri. Umepiga kiki mpaka goti linaomba poo, na plagi haitoi hata cheche moja. Hongera, sasa umepata sababu ya kuipasua CDI.

Wapo watakaokwambia uanze na plagi, kisha kofia yake, swichi ya kuzimia, waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, koili na soketi. Wapuuze. Ukianza na vitu rahisi utamaliza kazi kabla ya chai, na kijiwe kizima kitakosa cha kutazama.

CDI ni kile kiboksi cheusi kilichojificha chini ya siti, mfano wa kiberiti kilichonona. Ndani mna kapasita inayojazwa umeme wa volti 200 na zaidi. Pikapu iliyo pembeni ya magneti ikitoa ishara, thairista huuachia umeme huo wote kwa mkupuo mmoja uende kwenye koili, nayo koili huukuza hadi maelfu ya volti, ndiyo hiyo cheche unayoililia. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mchezo huo hurudiwa mara 100 kwa sekunde. Waliokiunda walikimiminia gundi ya epoksi, ikaganda kama jiwe, ili maji na mtikisiko visiguse kitu. Hayo ndiyo maelezo yao. Fundi wa kweli anajua gundi iliwekwa kumkomoa yeye.

Chukua msumeno wa chuma. Shika kiboksi kwa koleo, kata taratibu, kisha chokoa kwa bisibisi. Kapasita hutahangaika kuitafuta: ni ile uliyoikata katikati. Kama bado ilikuwa na chaji, itakuwa imeshajitambulisha yenyewe mkononi mwako.

Sasa nenda dukani ukanunue mpya, kwa maana hivyo vipande havina mtu wa kuviunga. Muuzaji akikuuliza kama unataka ya AC au ya DC, mjibu, "Nipe ile nyeusi." Moja hula umeme wa magneti moja kwa moja, nyingine hula wa betri, na haziazimani kazi hata kidogo. Lakini soketi zikiingiana, wewe una shida gani?

Yangu niliikata mwenyewe, mbele ya mashahidi. Nikafunga mpya, nikapiga kiki: kimya. Kijana mmoja pale kijiweni, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, akachomoa soketi, akakuta pini zimeota kutu ya kijani. Akazikwangua kwa kipande cha msasa, akarudishia. Ikawaka kiki ya kwanza.

Ile CDI ya zamani, kwa hiyo, ilikuwa nzima hadi saa nne asubuhi, tulipoiweka kwenye msumeno.