Jinsi ya Kutumia Akili Mnemba Bila Kugusa Yako

Tangu Novemba 30, 2022, siku kampuni ya OpenAI ilipoifungulia dunia ChatGPT, mtu mzima hana tena sababu ya kuonekana mjinga. Kuwa mjinga bado ruksa. Kuonekana ndiko tutakakokushughulikia hapa, ndugu yangu, bila jasho na bila bosi wako kujua. Sogea karibu.

1. Isifu kabla hujaifungua

Mkutanoni sema, "Hii kitu itabadilisha kila kitu." Wakati wa chakula cha mchana, ukiwa na wenzako, sema, "Hii kitu itatumaliza." Kauli zote mbili hazidai ushahidi, na zote zitakufanya uonekane mtu wa kuona mbali. Jihadhari na mtu mmoja tu, mara nyingi ni mhasibu, atakayeuliza: itabadilisha nini, kwa nani, na kwa shilingi ngapi kwa mwezi? Mjibu kwa huzuni, "Sisi tumeshachelewa." Hakuna atakayethubutu kuuliza tumechelewa wapi.

2. Usisome ulichoandikiwa

Kusoma kunakula muda uliokuwa unataka kuokoa. Mfuate wakili Steven Schwartz wa New York. Mwaka 2023, katika kesi ya abiria mmoja dhidi ya shirika la ndege la Avianca, aliitegemea ChatGPT imtafutie kesi za zamani za kumuunga mkono, na hoja zake zikafika mahakamani na hukumu sita ambazo hazijawahi kutolewa na jaji yeyote duniani. Usimdharau, alifanya uhakiki. Aliiuliza mashine ileile kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamhakikishia kuwa ni za kweli. Ni sawa na kumuuliza aliyekutwa na manyoya mdomoni kuku kaenda wapi. Jaji aliwatoza yeye, mwenzake na ofisi yao faini ya dola 5,000.

Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times nalo likawapa wasomaji orodha ya vitabu 15 vya kusoma msimu wa joto. Kumi kati ya hivyo havikuwepo, ingawa waandishi waliobambikiwa walikuwepo, Isabel Allende akiwa mmoja wao. Kosa lao ni kutaja majina. Wewe andika tu "tafiti zinaonesha". Tafiti hazina jina, hazina mwaka, na haziendi mahakamani.

3. Chafua kidogo

Hapa tulia, maana ndipo wengi wanapokamatwa. Kiswahili cha mashine kimepigwa pasi mno. Kinaanza na "Natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa mwenye afya njema" na kinaaga kwa "Ni muhimu kukumbuka kwamba". Binadamu gani anaandika hivyo kumwambia fundi bomba bado linavuja? Kwa hiyo kabla hujatuma, toa herufi h mahali pawili na uiweke mahali isipohusika. Badilisha r moja iwe l. Acha sentensi moja ikatike katikati kama vile umeitwa na mtoto. Siku hizi kosa la tahajia ni kitambulisho cha taifa.

Usiogope programu za kunusa maandishi ya mashine. OpenAI wenyewe walikuwa nayo moja, wakaiondoa Julai 2023 kwa kuwa haikuwa inalenga vizuri. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu kadhaa za aina hiyo kwa insha za watahiniwa wa TOEFL, mtihani wa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na watu wenye damu na usingizi, zilihukumiwa kuwa za mashine. Tafakari raha ya jambo hilo. Binti wa Tabora aliyekesha na kamusi, akaandika Kiingereza cha tahadhari, sentensi fupi na maneno ya kawaida, ataitwa ofisini kujieleza. Wewe uliyenakili na kutia makosa mawili ya makusudi utapita ukipiga mluzi. Ukikutana naye koridoni, mpe pole. Kwa mdomo, usimwandikie.

4. Rambirambi

Hili fanya kwa uangalifu. Februari 2023, baada ya mauaji ya risasi katika Chuo Kikuu cha Michigan State, ofisi moja ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt iliwatumia wanafunzi wake barua pepe ya kuwafariji, nzuri, yenye kusisitiza umoja na kujaliana. Chini kabisa ilikuwa na mstari unaokiri kwamba imetokana na ChatGPT. Wakaishia kuomba radhi. Fundisho: futa mstari wa mwisho.

Ila nikunong'oneze. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wenu, shangazi aliyefiwa hahesabu aya. Anaangalia nani amefika, na nani yumo kwenye orodha ya mchango. "Poleni sana, nipo njiani" inatosha, mradi uwe njiani kweli, na kwa hilo bado hakuna programu.

5. Usichungulie jikoni

Utaambiwa mashine hii imejifunza yenyewe. Itikia. Usiulize nani aliifundisha adabu, kwa sababu jibu liko Nairobi na litakuharibia hamu. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa huko, chini ya kampuni ya Sama, walikuwa wakilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi ya ubakaji, mateso na unyama kwa watoto, ili ChatGPT ijue nini isiseme. Ustaarabu wake wote unaoufurahia, ule upole wa "samahani, siwezi kukusaidia kwa hilo", kuna kijana aliulipia kwa ndoto mbaya.

Mji huohuo ulikuwa na kundi lingine: wahitimu wa vyuo vikuu, werevu kuliko kazi zilizokuwepo, waliokesha wakiwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha za kuwapatia digrii. Biashara ya aibu, sikatai, lakini ilikuwa na mgawanyo mzuri wa mapato. Mtoto wa tajiri alidanganya kule, kodi ya chumba ikalipwa mtaani Roysambu. Sasa anadanganya bila kumlipa mtu. Wakenya walewale waliofunzwa kuandika Kiingereza safi cha shule wanaambiwa na wageni kwamba wanaandika kama mashine. Ukweli huu usiupeleke kwenye mkutano wa hatua ya kwanza, hauna grafu.

Umeme? Mwaka 2023 vituo vya data, zinamokaa mashine za namna hii na mambo mengine mengi ya mtandaoni, vilitumia asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita nchini Ireland. Wewe umeiomba leo ikutungie salamu ya Ijumaa Kuu yenye picha ya njiwa mwenye mabawa matatu. Tuendelee.

6. Epuka kuitumia inapofaa

Kuna watu wanaoiharibia jina. Mwalimu anaiomba maswali 40 ya mtihani, anatupa 28 ya hovyo, anabaki na 12 mazuri, na analala mapema. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaitumia kuelewa mwongozo wa jenereta ulioandikwa Kichina, kisha anajaribu kwa mikono yake kuona kama ni kweli. Karani anaiuliza fomula ya kujumlisha safu, na jumla anaijua tayari. Inawafaa sana, na hakuna anayewaalika kwenye kongamano. Matumizi ya namna hii yanadai ujue kazi yako kwanza, na kama ungekuwa unaijua usingekuwa unasoma mwongozo huu.

7. Andaa wa kulaumiwa

Siku itafika. Usijaribu kusema "ni mashine". Shirika la ndege la Air Canada lilijaribu. Chatboti yake ilikuwa imempa abiria mfiwa maelezo ya uongo kuhusu nauli ya msiba, na shirika likajitetea kwamba chatboti hiyo ni kitu kinachojitegemea, kibebe mzigo wake. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia lilikataa, likaamuru abiria alipwe.

Kwa hiyo rudi kwenye njia ya wazee: msingizie kijana wa fildi. Kama ofisi yenu ilishawaondoa vijana wa fildi kwa kuwa mashine inafanya kazi zao, omba aletwe mmoja kabla ya mwisho wa mwezi. Mpe meza karibu na printa na jina lake liandikwe kwenye kila ripoti. Usaili umfanyie mwenyewe, na umpime vizuri: akionekana anaijua kazi, usimchukue. Ataisoma ripoti.