Sifa za Maumivu ya Ncha ya Mguu

Washairi wamemaliza wino kwa kuusifu moyo, macho na shingo ya mpenzi, wakaisahau ncha ya mguu, mahali pale penye mifupa mitano mirefu iliyojipanga nyuma ya vidole, ambapo mwili mzima, pamoja na fahari yake na madeni yake, hujitwika kila hatua. Nimekusudia kuiondoa dhuluma hiyo. Na kwa kuwa ncha hiyo haikumbukwi na mtu mpaka iume, hapana budi niyasifu maumivu yake.

Fadhila ya kwanza ni utukufu wa masahibu. Karolo wa Tano, aliyetawala Hispania, Ujerumani, Uholanzi na sehemu kubwa ya Amerika, alisimama Brussels mwaka 1555 kuaga madaraka, mkono mmoja umeshika bakora na wa pili umeegemea bega la kijana William wa Orange, kwa kuwa jongo lilikuwa limekwisha kumdhoofisha. Alihamia Yuste, karibu na watawa, asiache nyama wala bia. Na jongo, kwa uaminifu wake, halikumwacha yeye. Mwaka 2006 wataalamu walichunguza kipande cha kidole chake cha mkono kilichohifadhiwa tangu zamani, wakazikuta chembe za asidi ya yuriki zingali mumo. Ni waziri gani aliyepata kumtumikia mfalme zaidi ya miaka 400 baada ya kufa?

Asidi hiyo ikizidi katika damu hupenda kuganda mahali pa baridi, mbali na moyo, na kwa hiyo gumba la mguu ndilo hupewa heshima ya kwanza. Tabibu Mwingereza Thomas Sydenham, aliyelijua jongo kwa mguu wake mwenyewe kabla ya kulitungia kitabu mwaka 1683, ameeleza jinsi mtu alalavyo salama salimini, kisha usiku wa manane akaamshwa na gumba, hata asistahimili uzito wa shuka wala mtikisiko wa mtu apitaye chumbani. Akajifariji kuwa jongo huwaua matajiri kuliko maskini, na wenye hekima kuliko wajinga; hoja ambayo, ikitoka kwa mgonjwa mwenyewe, yafaa ipokewe kwa tahadhari. Isitoshe, dagaa wa baharini, kitoweo cha mnyonge, nao wamejaaliwa wingi wa vitu ambavyo mwili huvigeuza kuwa asidi ile ile, basi mchukuzi wa bandarini aweza kuyatumaini maradhi ya kifalme bila ya kumiliki hata mbuzi.

Kwa askari maumivu ya ncha ya mguu yalidhihirisha kipaji cha kutunza siri. Breithaupt, tabibu wa jeshi la Prussia, aliandika mwaka 1855 habari za askari waliovimba miguu kwa mwendo mrefu, naye hakuweza kuuona mfupa uliopasuka kwa kuchoka. Ilingojewa miale aliyoivumbua Röntgen mwaka 1895 ndipo ufa ukaonekana, na nadhani katika muda huo masajini wengi walikwisha kutoa hukumu ya uvivu.

Iko pia neva inenepayo baina ya kidole cha tatu na cha nne, aliyoieleza Thomas Morton wa Philadelphia mwaka 1876. Mwenye nayo huhisi kokoto kiatuni. Huketi kando ya njia, akavua, akakung'uta, kisitoke kitu, akavaa, na baada ya hatua chache akavua tena. Kwetu sisi watu wa pwani, tuvuao viatu kila mlango, hapana maradhi yenye adabu kuliko haya.

Wala nisiwanyime shukrani mafundi wa mchuchumio, ambao kwa kuinua kisigino huuhamishia mbele uzito wa mwili, na kwa kuibana ncha huvipandanisha vidole, wakamsaidia mwenye gumba lililokwisha kupinda kuikuza nundu yake. Bibi aliyevaa hivyo arusini huketi mapema, husikiliza nasaha za wazee tangu mwanzo hata mwisho, hakatizi maneno wala hainuki kwenda kucheza. Na wakwe, wakimtazama kwa mbali, husema kuwa huyu amelelewa.