Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Watoaji wa Ushauri wa Bure Kazini

Waheshimiwa,

Naomba ruhusa ya kuwashukuru hadharani, maana hisani mnayoitoa haistahili kushukuriwa faraghani. Nchi yetu ya Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini iliyotungwa mwaka 2004, ina Tume ya Usuluhishi na Uamuzi iliyowekwa na sheria ndugu yake ya mwaka huo huo, na tangu 2017 ina Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua hata wasaidizi wa kisheria wa mitaani na vijijini. Na juu ya neema zote hizo mmetuzidishia ninyi, wenye madawati ya ushauri, namba za simu na semina, ambao mmejitolea kumfundisha mfanyakazi haki zake pasipo kumtoza hata senti moja. Mtu asiyeiona fadhila katika jambo hili amepungukiwa na adabu, nami sitaki kuhesabiwa miongoni mwa watu wa namna hiyo.

Mimi ni karani mstaafu hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ya uzeeni ni kuwaandikia barua watu wa viwandani na maghalani wasioelewana na kalamu, na kwa sababu hiyo fadhila yenu hunifikia barazani jioni, imekunjwa mfukoni mwa mtu aliyekwisha kufukuzwa. Hapo ndipo nilipojifunza kuistaajabia. Mtu anayedai kuwa ameachishwa kazi pasipo haki amepewa siku 30 za kuufikisha mgogoro wake mbele ya Tume, na akizipitisha hana budi kuomba kwanza asamehewe ucheleweshaji, kwa sababu zenye uzito, kabla ya kusikilizwa neno lolote jingine. Siku 30 ni nyingi kwa anayezijua. Kwa asiyezijua, wiki ya kwanza humwishia akimngoja meneja arejee kutoka safarini. Ya pili huambiwa awe na subira, mafao yake yanaandaliwa, wala asizue maneno yatakayoyachelewesha. Ya tatu hutafuta nauli. Na ya nne husikia kwa jirani kwamba ipo namba ya simu ambayo mtu akiipiga hushauriwa bila malipo. Mpaka aipate, na mpaka ipokewe, mwezi mwingine umekwisha andama, naye huelezwa kwa sauti ya upole kwamba amechelewa, na kwamba lau angalikuja mapema mambo yake yangalikuwa mepesi. Ushauri huu ni sahihi kabisa, nao pia hautozwi ada.

Wako watu wasio na shukrani wanaouliza kwa nini mtu huyo hakupiga simu hiyo alipokuwa bado kazini. Hawa hawajafahamu kudura ya mpango wenu. Simu zenu hupokewa saa za kazi, yaani zile saa ambazo simu ya mfanyakazi imewekwa kwa mlinzi getini kwa amri ya kiwanda. Na ofisi zenu hufungwa jioni, yaani wakati ule ambao mlinzi amekwisha mrudishia. Aliyefukuzwa, kwa upande wake, anao wasaa wote wa kupiga asubuhi na adhuhuri. Kwa hiyo huduma imepangwa kwa hekima kubwa imfae yule tu aliyekwisha poteza kile alichotaka kushauriwa namna ya kukilinda, nao ni ukarimu wa kumnywesha dawa maiti, ambaye faida yake ni kwamba hatarudi kulalamika kuwa haikumponya.

Semina zenu nazo nimezionja. Nilialikwa moja na mtu aliyenidhania kuwa mzee wa chama cha wafanyakazi, nami sikuona sababu ya kumvunja moyo. Tulikusanyika hotelini asubuhi ya siku ya kazi, tukapewa mkoba, kalamu, chupa ya maji na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Saa nne ikaja chai yenye sambusa na vitumbua vya kupendeza. Na baada ya picha ya pamoja kila mtu akaondoka na cheti cha kushiriki. Nilitazama huku na huku nikitafuta mpakiaji mizigo, mshonaji au mpishi wa kantini, nisimwone. Nikawaona maofisa utumishi, mameneja na mawakili wao. Wala halikuwa jambo la kulaumu, maana ili mtu wa ghalani ahudhurie mafunzo asubuhi ya Jumatano, yampasa kwanza amwombe ruhusa yule yule ambaye habari zake ndizo anazotaka kwenda kuziuliza.

Mwalimu alikuwa mjuzi, na haki yake nampa. Alieleza kwamba mwajiri hamwachishi mtu kazi ila kwa sababu halali na kwa utaratibu wa haki, na kwamba kinga hiyo haimhusu aliyetumikia chini ya miezi sita. Hapo ukumbi ukachangamka. Bwana mmoja aliyevaa suti akauliza kwa unyenyekevu kama mtu akiajiriwa kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, ukiisha huu akapewa ule, hatabaki daima chini ya miezi sita; na mwalimu akamjibu kwamba sheria imekwisha litazama hilo, kwani yahesabiwa kazi yote kwa mwajiri mmoja, uwe mkataba mmoja au zaidi ya mmoja. Wote wakaandika jibu hilo kwa masikitiko. Nami nikawaza kwamba katika jiji zima huenda wako vibarua wa miaka mingi ambao neno hilo moja lingewatosha kuinua vichwa vyao, walakini siku ile lilisemwa kwa Kiingereza, mbele ya watu waliolisikia kama habari ya msiba. Sheria ilirekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama za nchi hii. Ila maandishi yale yaliyomulikwa ukutani yalikwisha tengenezwa kwa gharama, na waandaaji hawakuona vema kuyatupa.

Yanayofundishwa katika semina hizo si madogo. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mama aliyejifungua ana siku 84 zenye malipo, na 100 akijaliwa pacha. Aliyetumikia mwaka au zaidi akaachishwa pasipo kosa lake ana kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka alioutimiza, hadi miaka kumi. Haya yote yangeweza kuandikwa katika karatasi moja, yakasomwa na mtu aliyepanga foleni ya uji. Nayo sheria yenyewe iliwaza hivyo hivyo, kwani limo ndani yake agizo fupi kwamba kila mwajiri abandike tangazo la haki za mfanyakazi mahali pa wazi panapoonekana. Katika maghala ambayo miguu yangu imenifikisha nimeona ukutani kalenda ya muuza saruji, amri ya kutovuta sigara, na onyo kwamba uongozi hauhusiki na mali itakayopotea. Tangazo hilo sikuliona, wala sikusikia semina iliyoitishwa kwa ajili yake, pengine kwa kuwa karatasi ya ukutani hainywi chai.

Wazee wenzangu watakumbuka kwamba sheria ya kulinda ajira ya mwaka 1964 iliweka kamati za wafanyakazi mahali pa kazi, zikawa na sauti katika mambo ya nidhamu. Zilikuwa na kasoro zake, walakini mtu aliyetishwa asubuhi alijua kabla ya adhuhuri nani wa kumwuliza, maana mshauri wake alikuwa akichafuka mafuta kando yake. Hata leo sheria inampa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi muda wa kadiri, wenye malipo, wa kuhudhuria mafunzo yahusuyo kazi yake. Mlango huo uko wazi, na wenye kupita ni wachache, kwa kuwa mialiko yenu aghalabu huandikwa kwa jina la ofisi ya utumishi.

Kwa kuwa sitaki kuonekana mtu wa kulaumu tu, naleta mapendekezo. Kwanza, ikiwa hamwezi kuusogeza ushauri uwahi kabla ya kufukuzwa, wasihini waajiri wasogeze kufukuza hadi baada ya semina. Pili, siku zile 30 zianze kuhesabiwa tangu siku mfanyakazi alipoambiwa kuwa zipo. Tatu, kila anayeachishwa kazi apewe, pamoja na barua yake, kitambulisho cha shingoni na sambusa mbili, ili naye apate kushiriki kwa kadiri iwezekanavyo.

Na kama mapendekezo hayo ni mazito, yako mengine mepesi. Njooni getini saa ya kubadilishana zamu, nusu saa tu, mseme kwa Kiswahili, mkiwa mmesimama. Wafundisheni wawakilishi wa wafanyakazi kabla ya mabwana wao. Pokeeni simu jioni na Jumamosi. Waombeni maofisa kazi, waendapo kukagua, waulize kwanza tangazo liko ukutani gani. Kisha katika taarifa zenu za mwaka acheni kuhesabu vyeti, mhesabu watu waliowajia wakiwa bado wana kazi. Maana hesabu hiyo ndiyo pekee itakayotujulisha kama fedha za semina na ushauri zilimfikia mfanyakazi au ziliishia mezani.

Nawe msomaji uliye kazini, usiyealikwa, pokea hili kwangu: ukiachishwa kazi, siku zako za kwenda Tume ni 30 tangu siku ya kuachishwa au ya uamuzi wa mwisho wa mwajiri, na kwa migogoro mingine ya kazi ni 60. Usimngoje meneja arudi safarini.

Wasalaam,
Karani mstaafu, Dar es Salaam